Mkojo wa kwenye pamba

Jumanne iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, dada mmoja alisogea kwenye dirisha la maabara yetu akanipitishia kichupa cha dawa ya kikohozi. Kile cha plastiki ya kahawia, lebo imebanduliwa nusu. Ndani mlikuwa na maji ya njano kama vijiko viwili vya chai.

"Mkojo wa mtoto huu, dokta."

Mimi si dokta, ila nilishaacha kubishana. Huku Mbagala ukivaa koti jeupe wewe ni dokta, hata kama umelivaa kwa ajili ya kufagia. Nikamuuliza mkojo ameupataje. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni, kalala, mashavu yamewiva kwa homa. Miezi 9 kwa mujibu wa kadi ya kliniki.

"Usiku niliweka pamba ndani ya pampasi. Asubuhi nikaikuta imelowa, nikaikamua."

Alisema kwa fahari kidogo, na kusema kweli alistahili. Pampasi haikamuliki, ule unga wake wa ndani ukishashika maji hauachii. Huyu kakaa, kafikiria, kapata njia. Tatizo ni kwamba alichonikabidhi si mkojo tena. Ni mkojo uliopita juu ya ngozi, ukalala usiku kucha jirani na kinyesi, ukakamuliwa kwa vidole, ukatiwa kwenye chupa iliyokuwa na sharubati. Nikiuweka chini ya hadubini nitakuta bakteria wamejaa kama dagaa kwenye beseni pale Feri, na nisiweze kusema hata mmoja katoka wapi.

"Nani kakwambia ulete mkojo?"

"Duka la dawa, pale kituoni. Homa siku ya pili, malaria tumepima hana, wakasema basi itakuwa UTI. Dawa nimeshanunua. Ila sijaanza kumpa, nikasema ngoja nihakikishe kwanza."

Nikamwomba akae kwenye benchi. Nitamrudia huyu dada. Leo nataka kuandika kuhusu hicho kichupa, maana nimekaa nacho kichwani wiki nzima, na kina historia ndefu na mimi.

Nina miaka 14 kwenye kazi hii ya maabara. Mitano ya kwanza Kinondoni, iliyobaki huku Temeke. Na kama unaishi Dar huna haja ya kuelezwa UTI, yale maambukizi ya njia ya mkojo, ni nini, ni ugonjwa wa mji kama foleni. Kiuno kikiuma, UTI. Ukichoka bila sababu, UTI. Ukienda kupima ukakutwa na UTI peke yake unashangaa taifodi kaenda wapi, kwa sababu hao wawili hutembea pamoja kama chai na chapati. Nimeshaitwa na majirani saa nne usiku nitafsiri karatasi ya majibu, na mara nyingi nilichoona kwenye karatasi kilikuwa ni mkojo wa mtu mzima wa afya yake, umeandikiwa sindano tano.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Nilipoanza kazi, homa yoyote ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi hakuna aliyejisumbua kuthibitisha. Kisha vikaja vile vipimo vya haraka vya malaria vya tone la damu, vikaanza kutuambia "hana, hana, hana". Homa ikabaki haina jina. Na homa isiyo na jina inamtesa mzazi, inamtesa na anayetibu, kwa sababu mama kapanda daladala mbili, kalipa, hataki kurudi nyumbani na neno "tuangalie". Kile kiti alichoachia malaria kikapata mtu wa kukikalia.

Kuna utafiti mmoja huwa nautaja kila ninapopata nafasi, kwa sababu ulifanyika hapa hapa. Mwaka 2008 Valérie D'Acremont na wenzake walichukua watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, wa kuanzia miezi 2 mpaka miaka 10, wakawafanyia vipimo ambavyo kituo kama chetu hakiwezi hata kuviota. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Zaidi ya nusu, yaani 62 katika kila 100, walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa: mafua, kikohozi, mambo ya kifua. Malaria ilikuwa kama 10 katika 100. UTI ilikuwa 5.9. Wacha tuseme watoto 6 katika 100.

Namba hiyo ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Mbele inasema wengi wa watoto tunaowabandika UTI hawana UTI, wana mafua. Nyuma inasema wale 6 wapo. Mimi kwa miaka mingi nilisikia upande wa mbele tu, na niliusikia vizuri mno.

Nieleze jinsi jibu linavyozaliwa, maana watu wengi wanadhani kuna mashine inasema "UTI ipo" au "UTI haipo". Hakuna. Mkojo unafika, naumimina kwenye tyubu, nauzungusha kwenye sentrifuji, mashapo ya chini naweka tone kwenye kioo, naangalia kwa lenzi ya 40. Nahesabu seli za usaha katika kila eneo ninaloliona. Naandika: 0 hadi 2, au 3 hadi 5, au "nyingi". Basi. Seli za usaha ni askari wa mwili, na askari wachache wa doria wapo hata kwenye mtaa wenye amani. Mpaka 5 katika eneo moja la hadubini, hapo hakuna vita. Lakini nimeona kwa macho yangu karatasi iliyoandikwa "2 hadi 4" ikirudi kutoka chumba cha daktari na mstari wa dawa chini yake. Nami sikusema kitu. Niliandika namba, namba ilikuwa sahihi, kazi yangu nikaihesabu imeisha.

Kuna namba nyingine ambayo sisi wenyewe wa maabara tunaipuuza. Ni zile seli bapa za ngozi. Zina umbo kama yai lililokaangwa, pana, na kiini kidogo katikati. Zikiwa nyingi maana yake mkojo ule umeosha ngozi ya nje kabla ya kuingia kwenye kikopo. Yaani kikopo kina maji ya kuogea. Seli za usaha utakazozikuta humo zinaweza kuwa za ngozi, za muwasho, za popote. Fomu nyingi zina sehemu ya kuzijaza na nyingi huachwa wazi. Niliziacha wazi mimi mwenyewe mara nisizoweza kuzihesabu.

Sasa Kibonge.

Kibonge ni mtoto wa mdogo wangu wa kike, anayeishi Tandika. Alizaliwa na kilo 4 kasoro kidogo, jina likamkaa. Alipofika miezi 7 akaanza homa, siku ya Alhamisi. Malaria hana. Hakohoi, hana mafua, haharishi. Bibi yake akasema ni meno. Jumamosi mdogo wangu akamleta kwangu kazini, mimi dada mkubwa, mtaalamu wa ukoo. Tukambandika kile kifuko cha plastiki chenye gundi, kile kinachokaa kwenye sehemu za siri mpaka mtoto ajikojolee. Kilikaa saa nzima na nusu. Kilichokuja nikakitia kwenye hadubini: zulia la seli za ngozi. Seli za usaha 8 hadi 10. Bakteria kibao. Nikachovya na kijiti, kile cha kupimia chenye visanduku vinavyobadilika rangi: kisanduku cha chembe nyeupe, yaani zile seli za usaha, kikabadilika rangi kidogo, kisanduku cha nitriti hakikubadilika kabisa.

Nikacheka. Nikasema hii sasa ndiyo UTI ya Dar, mkojo wa kwenye kifuko, ngozi tupu, nitriti hamna. Nikamwambia mdogo wangu asithubutu kumpa mtoto antibayotiki kwa sampuli ya namna hii, ampe parasetamoli, amnyonyeshe, tuangalie. Akanisikiliza. Nani asingenisikiliza?

Jumatatu akaanza kutapika. Jumanne akakataa ziwa. Jumatano asubuhi walikuwa hospitali kubwa, Kibonge kalegea kama mlenda, na nesi mmoja mwenye mikono myepesi akampitishia mpira mwembamba akatoa mkojo moja kwa moja kwenye kibofu. Wakauotesha kwenye sahani ya maabara, bakteria wakue waonekane ni wa aina gani. Wakaanza kumpiga sindano bila kungoja jibu, na walifanya sawa, kwa hali aliyokuwa nayo hakuna wa kungoja. Jibu likatoka Ijumaa: E. coli, bakteria wa kwenye utumbo, zaidi ya koloni 100,000 (yaani vikundi vya bakteria vilivyoota) kwa mililita moja, septrini haimuui, amoksilini haimuui. Utrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imevimba kidogo. Baadaye kwa picha ya kujaza kibofu ikajulikana kuwa mkojo wake mwingine, badala ya kushuka, unarudi juu kuelekea kwenye figo.

Mdogo wangu hakunilaumu. Aliponipigia simu kuniambia jibu alisema sentensi moja tu: "Dada, ilikuwa yenyewe."

Nimejifunza mengi darasani na kwenye semina za posho, lakini hili nililipata hapo. Sampuli chafu haisemi "ana UTI". Hilo nilikuwa nalijua na nilikuwa nawahubiria watu. Lakini sampuli chafu haisemi "hana" pia. Haisemi kitu. Ule mkojo wa kwenye kifuko ungetoka safi kabisa, hapo ningekuwa na haki ya kumwambia mdogo wangu atulie. Ulitoka mchafu, na kitu pekee nilichokuwa na haki ya kukisema ni "tuchukue mwingine". Mimi nikausoma kama hapana, kwa sababu nilikuwa nimechoka na ndiyo za uongo.

Na ile nitriti iliyoniongezea kiburi? Hii ni elimu ya mwaka wa kwanza chuoni na nilikuwa nimeisahau. E. coli na jamaa zake hula nitrati iliyomo kwenye mkojo wakaigeuza nitriti, ila kazi hiyo inahitaji muda, kama saa 4 mkojo umetulia kibofuni. Mtoto wa miezi 7 anakojoa kila mara. Mkojo haukai humo muda wa kutosha bakteria wakafanya upishi wao. Kwa mtoto mchanga nitriti ikitokea, iamini, ni mara chache hudanganya. Isipotokea, hujaambiwa kitu.

Baada ya hapo nikaacha kujisumbua na swali la dawa gani na mashine gani, nikahamia kwenye swali dogo la aibu: mkojo unaingiaje kwenye kikopo? Kwa sababu kule kituoni kwetu tulikuwa na hadubini nzuri, vitendanishi havijaisha muda, kijana mmoja hodari wa kutengeneza majedwali ya kompyuta, na kwa upande wa kikopo tulikuwa tunampa mama kontena na kumwonyesha kidole kilipo choo.

Nilisoma usiku, simu mkononi, watoto wamelala. Nikakuta watu wa Melbourne walioandika mwaka 2017. Waliwachukua watoto 354 wa kuanzia mwezi 1 hadi 12. Nusu wakawasubiria tu wakojoe, nusu wakawasugua taratibu chini ya kitovu, juu kidogo ya kinena, kwa shashi iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi ya baridi. Ndani ya dakika 5, katika waliosubiriwa walikojoa 12 kwa kila 100. Waliosuguliwa, 31. Si muujiza, watu wawili kati ya watatu bado watasubiri. Lakini shashi na maji ya friji ninavyo. Nikakuta pia watu wa Madrid, mwaka 2013, waliofanya kwa vichanga: unamnyonyesha kwanza ashibe, baadaye mmoja anamshika kwapani miguu ikining'inia, mwingine anamgongagonga kwa ncha za vidole chini ya kitovu, kisha anamkanda kiunoni pande zote mbili za uti wa mgongo, wanarudia. Zaidi ya 8 kati ya 10 walikojoa ndani ya dakika 5.

Niliposimulia haya nyumbani, mama yangu alinitazama kwa huruma. Akasema wazungu wamesafiri mbali kufika kwa bibi yako. Bibi yangu wa Kilwa alikuwa anampakata mtoto nje ya mlango alfajiri, anampulizia "shuuuu, shuuuu", na mtoto anakojoa kama kafunguliwa bomba. Nimeijumuisha. Sina utafiti wa kuitetea "shuuuu", ila haigharimu kitu.

Mkuu wetu wa kituo hakufurahi mwanzoni. Alisema tutajaza watu korido. Nikamwomba kona moja tu, nyuma ya pazia, karibu na sinki. Kuna benchi, ndoo ya maji yenye koki, shashi safi, bakuli la maji ya friji na vikopo ambavyo havifunguliwi mpaka dakika ya mwisho. Mama anamwosha mtoto kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma. Sabuni hapana, inaacha mabaki na kuvuruga kijiti. Mimi au mwenzangu tunasugua, mama kashika kikopo tayari kama golikipa. Tone la kwanza liende chini. Linalofuata ndilo tunalolitaka. Nimekojolewa koti, viatu, mara moja simu. Wamama wanacheka sana humo ndani. Kuna siku mtoto wa tatu kwenye foleni alikojoa yeye, kwa sauti ya "shuuuu" iliyokuwa ya mwenzake.

Kwa wakubwa kidogo, wa miaka 4, 5, inatosha kumweleza mzazi kwa maneno yanayoeleweka. "Mkojo wa katikati" ni maneno yetu, mama anaweza kuelewa ni mkojo wa saa sita mchana. Nasema: aanze kukojoa chooni, kikopo kiingie akiwa tayari anakojoa, kitoke kabla hajamaliza. Wa kike atanue miguu vizuri, na kwa vyoo vyetu vya kuchuchumaa mama ndiye ashike kikopo. Wa kiume asiyetahiriwa, ngozi ivutwe inapofika yenyewe, isilazimishwe.

Halafu kuna joto. Hili huwa halitajwi kabisa. E. coli akiwa mahali pazuri huzaana mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Fanya hesabu: mmoja kwa saa moja ni 8, kwa saa mbili ni 64, kwa saa tatu ni 512. Sasa chukua kikopo kilichojazwa nyumbani Chamazi saa kumi na mbili asubuhi, kikapanda bodaboda kwenye mfuko wa rambo, kikakaa dirishani kwetu mwezi Februari mpaka saa nne. Mkojo uliotoka na wadudu wachache wa ngozini unafika kwangu ukiwa umegeuka ugonjwa. Siku hizi kila kikopo kinaandikwa saa ya kukojoa, si saa ya kupokelewa. Usiposomwa ndani ya saa moja unaingia friji. Umeme ukikatika tunatumia kasha la chanjo la zamani na barafu za muuza samaki jirani, ambaye hajawahi kuuliza tunapoza nini, na mimi sijawahi kumwambia.

Kuotesha hatuoteshi. Tunapeleka maabara kubwa, jibu siku mbili au zaidi, na gharama yake ni mapato ya siku nzima ya mama lishe. Kwa hiyo hatupeleki kila mkojo. Tunapeleka wa mtoto mdogo mwenye homa kali isiyo na chanzo ambaye kijiti au hadubini imeonyesha kitu, na tunajitahidi kuuchukua kabla dozi ya kwanza haijamezwa, kwa sababu kijiko kimoja cha antibayotiki kinatosha kuzima vijidudu vya kwenye sahani huku vya kwenye figo vikiwa hai. Ile koloni 100,000 kila mtu anayoitaja, kwa taarifa yako, ilitokana na kazi ya Edward Kass huko Boston miaka ya 1950, na aliipima kwa wanawake watu wazima. Kwa mkojo wa mtoto uliotolewa kwa mpira, madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2011 walishusha kiwango mpaka 50,000, mradi mkojo wenyewe pia uonyeshe usaha au bakteria. Yaani koloni hizo na dalili hiyo kwa pamoja. Bakteria bila usaha, waulize kwanza wametoka wapi.

Na mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa simpi hata nafasi ya kukaa kwenye benchi langu. Huyo ni wa hospitali, leo hii, kikopo atakikuta huko huko.

Wakati mwingine mkojo mzuri unakupeleka mahali pengine kabisa. Kuna binti wa darasa la kwanza alikuwa ameshatibiwa UTI mara nne, mama yake ana faili kama la kesi ya kiwanja. Mkojo wake, ukichukuliwa vizuri, safi. Tukaongea naye mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Shuleni haingii chooni, anasema kuna funza. Anabana tangu saa moja mpaka anaporudi saa nane, na choo kikubwa anabana vilevile, kimekuwa kigumu kama mawe. Anayebana haja zote mbili namna ile anajitengenezea UTI ya kweli siku za mbele, ila maumivu aliyokuwa nayo siku hiyo yalikuwa ya tumbo lililofunga. Mwingine alikuwa na minyoo ile midogo inayowasha usiku. Na kaka mmoja wa miaka 11 aliletwa kwa "UTI ya damu". Nikamwambia mama amrudishe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, acheze mpira kidogo kwanza. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi muda huo. Yalikuwepo, na ule mwiba wake mkiani.

Kibonge ana miaka 3 sasa. Figo inafuatiliwa, uzito umerudi, jina limemstahili tena. Akipata homa mdogo wangu hanipigii simu kuuliza, ananipigia kuniambia yuko njiani.

Yule dada wa Jumanne nilimwita nyuma ya pazia. Kichupa chake sikukimwaga mbele yake, nilikiweka pembeni. Tukamwamsha mtoto, tukamwosha, akalia kwa hasira za kuguswa na shashi baridi. Dakika 3, hamna. Dakika 5, hamna. Nikampuliza "shuuuu". Hamna. Mama akamnyonyesha, tukapumzika robo saa, tukaanza upya, na kwenye dakika ya pili akatoa mkojo mrefu, ukaanzia begani kwangu na kuishia kwenye kikopo.

Seli za usaha 0 hadi 2. Seli za ngozi, moja moja. Bakteria sikuona. Kijiti hakikubadilika popote. Mtoto hajameza dawa yoyote zaidi ya parasetamoli. Nikaandika yote hayo kwenye fomu, pamoja na namna mkojo ulivyochukuliwa, nikamwambia aende kwa daktari chumba namba 2, amwambie pia kwamba mtoto amekuwa akivutavuta sikio, maana nilimwona akivuta mara tatu tukiwa pale.

Akaisoma karatasi mbele na nyuma.

"Kwa hiyo hana."

"UTI hana. Anachoumwa atakutafutia daktari."

Akaikunja mara nne, akafungua pochi. Ndani mlikuwa na chupa ya dawa, bado imezibwa, na risiti imezungushiwa kwa mpira wa nywele.

"Elfu nane hii, dokta. Watanirudishia?"